Daftari la Bi. Sikudhani na Sheria ya Hodi

Nchi ya Tumeridhia haimo kwenye ramani yoyote, na wenyewe hawajawahi kulalamika, kwa sababu kulalamika kule kuna fomu yake na fomu zimekwisha. Ni nchi nzuri. Ina hewa safi, ina barabara tatu, ina wizara arobaini na moja, na watu wake ni wapole kiasi kwamba hata mbu wao, wasemavyo wageni, huuma kwa kuomba radhi. Mambo haya yalitokea huko, kwa hiyo msomaji asianze kuchungulia dirishani.

Katika mji wa Kitulizo alikaa Bi. Sikudhani, mkunga mstaafu wa miaka sitini na saba, pamoja na mjukuu wake Tunu, wa miaka kumi na mitatu. Mama yake Tunu, Subira, alikuwa mtoto pekee wa Bi. Sikudhani. Alifariki miaka mitatu nyuma kwa homa iliyoingia Jumatatu ikamaliza kazi yake Alhamisi. Subira ndiye aliyemnunulia mama yake kompyuta, ndiye aliyemfundisha kuiwasha, na ndiye aliyeifumia kitambaa cheupe cha kuifunika isipate vumbi.

Ndani ya kompyuta hiyo mlikuwa na daftari. Lilianzishwa na mama yake Bi. Sikudhani, naye mkunga, aliyekuwa akiandika kila mtoto aliyempokea: siku, saa, jina la mama, na alama moja ya kumjulia. Bi. Sikudhani aliendelea pale mama yake alipoishia. Mchwa walipoanza kuonja makaunta buku, yeye na Subira walikaa miaka miwili wakiyachapa yote, mzee kwa kidole kimoja na binti kwa vyote kumi, hadi wakafika mtoto wa elfu nne mia moja na kumi na mbili. Halafu mchwa wakala makaunta buku kwa raha zao.

Daftari hilo lilikuwa na kazi kubwa, maana Ofisi ya Kumbukumbu ya serikali ilikuwa imehamishwa mara nyingi mno, na kumbukumbu zake, kwa lugha ya ofisi, zilikuwa “katika mchakato wa kuonekana.” Kwa hiyo mtu wa Kitulizo akitaka kuthibitisha kwamba amezaliwa, alikwenda kwa Bi. Sikudhani akachapishiwa mstari wake, kisha ofisi ikaupiga muhuri. Mwaka huo Tunu alikuwa darasa la saba. Ili aandikishwe mtihani wa kumaliza shule ya msingi, alitakiwa kupeleka hati ya kuzaliwa kabla mwezi wa kumi haujaisha. Asiye na hati hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani hubaki nyumbani kuchambua mchele. Bi. Sikudhani hakuwa na wasiwasi wowote. Mstari wa Tunu ulikuwamo, ameuandika mwenyewe.

Tena alikuwa mwangalifu. Kabla hajastaafu, hospitali iliwahi kuwaletea mwalimu mwembamba mwenye kikohozi, akawafundisha siku mbili jinsi ya kujikinga na wadukuzi. Usifungue kitu usichokijua kimetoka wapi, alisema, hata kama kinakuita mpenzi. Nenosiri lako liwe refu, na lisijulikane hata na mumeo. Mashine ikiomba masasisho iache ijisasishe, kwa sababu inaziba matundu ambayo wezi wamekwisha kuyaona. Na daima weka nakala nje ya mashine, mbali nayo, ili siku mwizi akikufungia nyumba uwe na pa kulala. Wauguzi wengine walisinzia. Bi. Sikudhani aliyashika yale maneno kama dua. Alikuwa na flashi tatu zenye daftari zima: moja kwenye kopo la chai, moja kwa shoga yake wa mtaa wa pili, na moja ameishonea ndani ya mto.

Mwanamke huyo, kwa kifupi, alikuwa salama. Ndipo serikali ikaamua kumlinda.

Mambo yalianza na Mheshimiwa Daktari Kibwana Ngwanda, Waziri wa Milango na Mitandao, mzaliwa wa Kitulizo hapo hapo. Kwa kumbukumbu rasmi Mheshimiwa alikuwa na miaka arobaini na tisa, na alikuwa nayo kwa muda mrefu. Mwanawe wa kwanza alikuwa na arobaini na mmoja, lakini wananchi wa Tumeridhia wana adabu, hakuna aliyewahi kuitoa hesabu hiyo hadharani. Siku moja Mheshimiwa alipanda jukwaani akakohoa mara mbili, na makofi yakapigwa kwa vile vikohozi.

“Ndugu wananchi,” alisema, “tumejiuliza, mdukuzi ni nani? Tumeunda tume. Tume imezunguka nchi sita za ng'ambo, imelala katika hoteli nzuri kwa uchungu mkubwa, na imerudi na jibu. Mdukuzi ni mtu anayeingia bila kupiga hodi. Basi! Serikali yenu sikivu itamlazimisha apige hodi. Na mtu akishapiga hodi si mdukuzi tena, ni mgeni. Kuanzia tarehe mosi mwezi wa saba, Tumeridhia itakuwa nchi ya kwanza duniani isiyo na mdukuzi hata mmoja!”

Makofi yalidumu dakika nne, kama ilivyoandikwa kwenye ratiba.

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Sheria ya Hodi. Kila kompyuta ya nyumbani iliwekewa programu maalumu. Mtu yeyote, popote alipo duniani, akitaka kuingia, sharti apige hodi, na kwenye kioo cha mashine kitokee kisanduku cha bendera ya taifa chenye neno HODI na kitufe kimoja tu: KARIBU. Palikuwa na mbunge mmoja aliyependekeza kitufe cha pili, cha kukataa. Bunge lilijadili siku tatu. Mwishowe likaona kwamba kumfukuza mgeni mlangoni ni kinyume cha mila na desturi zetu, likampa mbunge yule karipio na kitabu cha mila asome.

Aliyeileta programu nyumbani kwa Bi. Sikudhani alikuwa Bwana Mrisho, Afisa Hodi wa Kata, kijana wa miaka thelathini na miwili ambaye Bi. Sikudhani alimpokea kwa mikono yake mwenyewe, miguu ikitangulia.

“Shikamoo Bibi.”

“Marahaba mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo, anakusalimu. Bibi, nimekuja kukulinda.”

“Mimi nimeshajilinda, Mrisho.”

“Kujilinda mwenyewe kumefutwa, Bibi. Sasa hivi ni huduma ya serikali.”

Akakaa kwenye kiti, akaondoa kitambaa cha Subira akakiweka sakafuni, Tunu akakiokota. Alipomaliza kuweka Hodi aliuliza nenosiri. Bi. Sikudhani akasema nenosiri haliulizwi. Mrisho akamsomea kanuni: nenosiri lisizidi herufi nne, ili Afisa aweze kulikariri, na liandikwe kwenye kitabu cha ofisi ambacho hukaa dirishani penye mwanga. Aliuliza pia kuhusu masasisho. Haya nayo yalikuwa yamepigwa marufuku mpaka yaombewe kibali, kwa sababu tume iligundua kwamba yanaingia kwenye mashine bila hodi.

“Mrisho mwanangu,” alisema Bi. Sikudhani, na sauti yake ilikuwa imeanza kupanda, “hayo masasisho ndiyo yanayoziba matundu.”

“Matundu tunayo orodha yake, Bibi. Tumeibandika ukutani pale ofisini kila mtu ayaone.”

“Wezi je?”

“Nao wananchi.”

“Na huyu anayebisha nisipomjibu?”

“Akibisha mara tatu hujajibu, mashine itahesabu uko msalani. Itamkaribisha yenyewe, akusubiri sebuleni.”

“Basi nitaizima.”

“Kuzima ni kufunga mlango mchana, Bibi. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni mashine iwe wazi. Tunapita kukagua.”

Bi. Sikudhani alikuwa amewahi kuzalisha mapacha gizani, na mvua inaingia ndani, huku baba wa watoto amezimia mlangoni. Hakuwahi kushindwa na kazi akiwa na akili zake. Lakini siku hiyo, Mrisho alipoondoka, alikaa chini akatazama mikono yake kwa muda mrefu. Kumweleza yule kijana kulikuwa kumpigia mbuzi gitaa, na mbaya zaidi, mbuzi mwenyewe alikuwa na adabu.

Hodi zilianza asubuhi iliyofuata. Alibisha muuza magodoro. Alibisha mwana wa mfalme wa nchi isiyotajwa, anayetafuta mchumba mtu mzima. Alibisha mtu aliyesema Bi. Sikudhani ameshinda gari, akabisha mwingine aliyesema hilo gari limepata ajali. Aliacha wali ukaungua jikoni akakimbilia kubonyeza, maana asipobonyeza mgeni angeingia mwenyewe, na akibonyeza aliingia vilevile. Hata hivyo kulikuwa na tofauti kisheria, asiyebonyeza alitozwa faini ya ukosefu wa ukarimu. Kila jioni saa kumi na dakika moja aliizima mashine, akafuta takataka zilizoachwa na wageni, akalihesabu daftari lake mstari kwa mstari. Lilikuwa bado zima.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa alimwendea Mrisho ofisini na mstari wa Tunu mkononi, aupigie muhuri, maana kuzaliwa nako ni kuingia, na kazi ya vizazi ilikuwa imehamishiwa Ofisi ya Hodi.

“Bibi, utaratibu umebadilika,” alisema Mrisho. “Mstari huu umetoka kwenye daftari, na daftari lina nakala. Zipo ngapi?”

“Tatu.”

Mrisho akashusha pumzi kama daktari aliyeona ugonjwa. “Zimepigwa muhuri?”

“Flashi inapigwaje muhuri?”

“Nakala isiyo na muhuri ni kughushi, Bibi, kifungu cha kumi na nane. Sasa ukiwa na tatu za kughushi na moja halisi, mimi nitajuaje hii ya Tunu imetoka wapi? Zilete zote zithibitishwe. Na uape kwamba hukubakiza nyingine. Zikirudi, Tunu anapata hati siku hiyo hiyo.”

“Zitachukua muda gani?”

“Wiki mbili.”

“Mrisho. Nikikupa zote tatu, mimi nabaki na mashine peke yake. Ikiguswa?”

“Itaguswa na nani, Bibi? Wadukuzi wamekwisha tangu tarehe mosi mwezi wa saba.”

Alirudi nyumbani akazunguka chumba mara nyingi. Moyo ulimwambia afiche ile ya kwenye mto. Lakini kiapo ni kiapo, na katika maisha yake yote hakuwahi kuapa uwongo; tena kule barazani Tunu alikuwa anafanya hesabu za majaribio, ameuma ulimi kwa bidii, sura ya mama yake tupu. Kwa ajili ya Tunu akafumua mto. Alipeleka flashi zote tatu, akainua mkono wa kuume, akaapa. Alipewa risiti iliyoandikwa “vidude vitatu.”

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, kulibishwa hodi. Bi. Sikudhani alikuwa anasuka nywele za Tunu, mikono ina mafuta. Hodi ya pili. Akaifuta mikono kwenye kanga, akaenda, akabonyeza KARIBU, kwa sababu ndicho kitufe kilichokuwapo. Kioo kikawa cheusi. Kisha yakatokea maandishi, na Tunu akayasoma kwa sauti:

“Shikamoo Bibi. Samahani kwa usumbufu. Mafaili yako yote tumeyafunga kwa kufuli ambalo ufunguo wake tunao sisi tu. Ukitaka tuyafungue utalipa. Tafadhali usiwe na hofu, tuandikie hapa chini wakati wowote. Wako, Mgeni.”

Hapo chini kulikuwa na kiasi wanachotaka, kiasi ambacho Bi. Sikudhani na mama yake na bibi yake wasingekifikia hata wangefufuliwa wote wakafanya kazi zamu ya mchana na ya usiku. Alijaribu kulifungua daftari. Mahali pa majina palikuwa na vijiherufi vya ovyo, mstari baada ya mstari. Alitafuta mstari wa Tunu hakuupata. Alitafuta wa Subira, ulioandikwa na bibi yake Subira, *mtoto wa kike, alfajiri, ana doa shingoni*, nao hakuupata. Akahisi kama mtu aliyeingia wodi ya wazazi akakuta vitanda vyote vitupu. Alilia, na hakuona haya kulia mbele ya mtoto.

Alipomaliza kulia alipandwa na hasira, akajifunga kanga ya pili, akaenda ofisini.

“Nimedukuliwa,” alisema.

Mrisho alifungua kitabu kikubwa, akapitisha kidole. “Sivyo, Bibi. Hapa inaonyesha saa nne na dakika sita umepigiwa hodi, na saa nne na dakika saba umejibu karibu. Huu si udukuzi. Huu ni ugeni.”

“Amefunga daftari la mji mzima!”

“Mgeni akivunja sahani, utakwenda polisi?”

“Mrisho! Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu namtoaje?”

Mrisho alisoma Sheria ya Hodi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa moyo safi kabisa, kisha akaifunika. “Bibi, nimetafuta. Kifungu cha jembe hakipo.”

“Nipe nakala zangu.”

“Hizo zimetoka leo leo!” alisema Mrisho, na uso wake ukachangamka, maana mara chache alikuwa na habari njema ya kumpa mtu. Akaingia ndani akatoka na jalada la kijani. Katika jalada hilo, kwa utaratibu wa serikali ya Tumeridhia, kila kitu hutobolewa tundu kikapitishwa kamba. Flashi zote tatu zilikuwa zimetobolewa katikati kwa msumari wa moto, zikafungwa kwa kamba nyekundu, na juu ya kila moja kumemwagwa lakiri na kugandamizwa nembo ya taifa. Kazi ilikuwa nadhifu sana.

Bi. Sikudhani alizitazama. Aliinua moja dhidi ya mwanga, akamwona Mrisho upande wa pili wa tundu, anatabasamu.

“Zimethibitishwa,” alisema Mrisho.

“Mmezitoboa.”

“Pasipo tundu kamba inapita wapi, Bibi?”

“Haya, zimethibitishwa. Nipe hati ya Tunu.”

“Tunahitaji tu kuona mstari wake ndani ya nakala.”

Hakumtukana. Watu walioshuhudia wanasema alimwambia tu amsalimie mama yake.

Jioni ile alikaa mbele ya kile kioo cheusi akamwandikia Mgeni kwa kidole kimoja. “Humo mna watoto elfu nne mia moja na kumi na wawili. Wamekukosea nini?”

Jibu lilikuja baada ya dakika mbili. Jua lilikuwa limezama, ofisi zote zimefungwa, na huyu akajibu kwa dakika mbili. Katika miaka yake yote ya kuandikia wakubwa, Bi. Sikudhani hakuwahi kujibiwa haraka hivyo, na jambo hilo lilimuudhi kuliko wizi wenyewe.

“Pole sana Bibi, tunaelewa uchungu wako,” aliandika Mgeni. “Lakini biashara ni biashara. Kama wewe huna, je, humo ndani hakuna hata mmoja mwenye uwezo?”

Tunu alisema, “Bibi, usimjibu.” Mtoto alikuwa na akili kuliko tume. Lakini maji yalikuwa yamezidi unga. Miezi mitatu ya kubonyeza KARIBU, nakala zilizotobolewa, kamba nyekundu, vyote vilimpanda kichwani kwa pamoja, akachapa kwa nguvu hadi meza ikatikisika: “Yumo Waziri aliyekufungulia mlango! Namba mia tatu na saba! Mfuate yeye!”

Mgeni alikwenda kutazama namba mia tatu na saba. Ulikuwa ni mwandiko wa mama yake Bi. Sikudhani uliochapwa na Subira: *Kibwana Ngwanda, mtoto wa kiume, saa sita mchana, kilio kikubwa kuliko mwili.* Na mwaka ulikuwapo. Kwa mwaka huo Mheshimiwa alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika nchi ya Tumeridhia mtu hustaafu akiwa na sitini. Mgeni akamwandikia Mheshimiwa barua ya siri, ya heshima, akitaja bei ya kunyamaza. Mheshimiwa aliitisha waandishi wa habari akatamka kwamba serikali haizungumzi na watu wasiopiga hodi. Ikulu ndogo ya Waziri, ikumbukwe, haikuwa na programu ya Hodi. Wakubwa walijilinda kwa njia za kawaida: nenosiri refu, masasisho kila wiki, na nakala tano ng'ambo.

Basi Mgeni, kwa hasira ya kibiashara, akalifungua daftari zima akalianika mtandaoni bure, apendaye asome.

Siku ile Kitulizo ililala kwa furaha. Watu walijitafuta wakajiona. Wazee waliojua tu kwamba wamezaliwa mwaka wa nzige walipata tarehe. Bi. Sikudhani alishuka hadi mwisho wa daftari, akaupata mstari wa Tunu na juu yake kabisa, miaka mingi nyuma, wa Subira na doa lake. Alichapisha mstari wa mtoto, akaupeleka ofisini pamoja na ombi la mtihani. Akatengeneza nakala sita za daftari, akapeleka kwa watu sita. Zilikuwa zimebaki siku kumi na nne kabla uandikishaji wa mtihani haujafungwa, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba alipika pilau.

Nchi nzima nayo ilisoma namba mia tatu na saba. Hakuna aliyesema kitu, ila watu walianza kumwamkia Mheshimiwa kwa unyenyekevu uliozidi, wengine wakimpisha kiti na kumshika mkono kwenye ngazi. Baraza la Mawaziri likakutana siku tatu mfululizo, vyakula vikiletwa. Siku ya nne Mheshimiwa alipanda jukwaani.

“Ndugu wananchi! Serikali imelichunguza daftari lililoanikwa. Ni daftari halali, la mkunga mzalendo, na Serikali inalikubali lote.” Makofi. “Isipokuwa limepotoka. Wataalamu wetu walichukua tarehe moja yenye muhuri, ambayo kwa bahati nzuri ni yangu, wakailinganisha na ile iliyomo. Imeonekana wazi kwamba maadui wamelisukuma daftari nyuma kwa miaka kumi na minne. Na kwa kuwa waliozaliwa wamefuatana, huwezi kumnyoosha mmoja ukawaacha wengine wamepinda. Haiwezekani! Hiyo ni dhuluma! Kwa hiyo leo Serikali inawarudishia wananchi wote wa Kitulizo miaka yao kumi na minne iliyoibwa na wadukuzi!”

Makofi yalipigwa dakika tisa. Wengi waliopiga hawakuwa wa Kitulizo.

Daftari Lililonyooshwa lilipigwa muhuri na kusambazwa. Wanaume wa miaka thelathini waliachishwa kazi kwa kuwa watoto. Ndoa zilisimamishwa. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alijikuta yu mdogo kwa mke wake kwa miaka kumi na sita, kwa sababu mkewe alitoka mji mwingine. Bwana Mrisho alikuwa na bahati, alitoka na miaka kumi na minane kamili, akabaki kazini, ingawa wenzake wawili walirudishwa shule wakiwa na ndevu zao.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mwezi wa kumi uishe, Mrisho alipofika kwa Bi. Sikudhani na bahasha. Tunu alikuwa kibarazani na madaftari yake, amevaa sare, maana kila siku alivaa sare kungoja kuitwa. Mrisho hakumtazama.

“Shikamoo Bibi. Nimeleta barua mbili, moja ya kheri.”

“Marahaba. Anza na ya kheri, za namna nyingine nimezizoea.”

“Umri wako sasa ni miaka hamsini na mitatu. Kustaafu kwako kumetenguliwa. Unarudi wodini Jumatatu.”

Bi. Sikudhani alinyoosha mguu wenye baridi yabisi. “Na ya pili?”

“Ya pili ni ya Tunu. Ombi lake la mtihani limerudishwa.” Mrisho alikunjua karatasi, akaisoma kwa sauti ya ofisini. “Kwa kuwa mwombaji, kwa mujibu wa Daftari Lililonyooshwa, atazaliwa tarehe kumi na tisa mwezi wa tatu mwakani, anashauriwa kuomba tena baada ya kuzaliwa na kutimiza umri wa kwenda shule.”

Kibarazani kalamu iliacha kuandika.

“Kuna kiambatisho,” alisema Mrisho, “kinakuhusu wewe kama mkunga wa zamu. Saini hapa kwamba utakuwapo.”

Bi. Sikudhani akaichukua karatasi. Ilikuwa fomu ya uzazi, na macho yake yalishuka yenyewe hadi mahali pa mama. *Jina la mjamzito: Subira. Hali: hai. Mimba: miezi minne. Onyo: mjamzito hajahudhuria kliniki hata mara moja. Afike bila kukosa.*

Alilisoma jina. Alisoma lile neno la pili, *hai*, lenye nembo ya taifa juu yake, wino bado mbichi. Miaka mitatu hakuna karatasi iliyomwandika binti yake hivyo. Kwa muda mfupi sana, mwanamke mwenye akili zake timamu alitamani kusaini. Aliikumbatia ile fomu kifuani, kisha akasema kwa sauti ndogo.

“Mrisho mwanangu. Wewe ulimzika Subira. Ulibeba jeneza, mbele upande wa kushoto. Sasa niambie, nitamleta kliniki kutoka wapi?”

Mrisho aliinamisha kichwa. Ilionekana dhahiri kwamba kulikuwa na neno ndani yake linalotafuta njia ya kutoka. Kisha aliona karatasi nyingine mkononi mwake, ile ya maelekezo kwa maafisa, na akashika hiyo.

“Bibi,” alisema polepole, “sisi ofisini kwetu ni vizazi tu. Mambo ya vifo uliza ghorofa ya pili.”